Neno “run” likikwama kwenye tafsiri: dalili, sababu na tiba

Neno la Kiingereza “run” lina herufi tatu tu. Hata hivyo, mwaka 2011 wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walieleza kwamba wameorodhesha maana 645 za kitenzi hicho peke yake, bila kugusa nomino. Kwa mfasiri wa Kiswahili idadi hiyo inatisha bure, kwa sababu makosa yanayozaliwa na neno hili hayafiki hata kumi. Yanajirudia yale yale kwenye vipeperushi vya afya, manukuu ya filamu (maandishi ya tafsiri chini ya picha), programu za simu, habari za uchaguzi na mikataba. Mwongozo huu unayapanga kwa dalili: unaanza na unachokiona kwenye Kiswahili kilichoharibika, kisha unarudi nyuma hadi kwenye sababu.

Kosa la “run” si doa la mtindo tu. Mara nyingi linageuza maana ikawa kinyume chake kabisa, na msomaji asiyeona Kiingereza cha mwanzo hana namna ya kugundua.

Ukaguzi wa dakika mbili kabla ya yote

Tafuta ndani ya tafsiri mfuatano wa herufi “kimbi”, halafu “mbio”. Usitafute “kimbia” peke yake, maana kitenzi cha Kiswahili hubadili mkia: kukimbilia, kukimbiza na kukimbizana vitakupita bila kuonekana. Kwa kila sentensi inayojitokeza, jiulize maswali matatu.

Anayetenda ana miguu, au anatembea kwa namna yoyote? Mtu, mbwa na kuku wanakimbia. Pua, mkataba na jenereta havikimbii.

Kwenye Kiingereza, baada ya “run” kuna nini? Kukiwa na kitu kinachotendwa, kama “run a shop”, karibu kila mara si mbio. Kukiwa na kineno kidogo kama “out”, “into”, “over”, “down” au “up”, soma viwili hivyo kama neno moja.

Ni kitenzi au ni jina? Likitanguliwa na “a”, “the”, “his” au namba, ni jina, na kulitafsiri kwa kitenzi kutavuruga sentensi nzima.

Zipo sehemu ambazo kukimbia, kukimbilia na kukimbiza ni sahihi kabisa. Mgonjwa hukimbizwa hospitalini, Mwenge wa Uhuru hukimbizwa nchi nzima, mtoto humkimbilia mama yake, na Waswahili husema muda unakimbia. Hizo ziache. Na usibonyeze kitufe cha kubadilisha zote kwa mpigo. Sababu iko kwenye dalili ya tano.

Dalili ya kwanza: sentensi inasema kinyume

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Chanzo kinasema “She runs a hotel in Arusha”, tafsiri inasema “Anakimbia hoteli Arusha”. Aliyetafsiri alitaka kusema mama huyu ndiye msimamizi wa hoteli. Msomaji anaelewa kwamba ameitoroka, labda kwa madeni.

Chanzo cha tatizo kimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kitenzi kukimbia kikipewa mtendwa hakina maana ya mbio tena, kinakuwa kutoroka au kukwepa. Amekimbia nchi. Amemkimbia mkewe. Alikimbia shule akiwa darasa la sita. Anakimbia majukumu. Ndiyo maana “Anakimbia biashara”, “anakimbia mradi” na “anakimbia idara” zote ni shutuma. Hali ya kutendwa inazidisha: “The company was run by two brothers” ikawa “Kampuni ilikimbiwa na ndugu wawili”, yaani waliitelekeza.

Sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

Ya kwanza ni kuchukua maana iliyo juu kwenye kamusi. Tiba ni kuuliza kinachoendeshwa ni kitu gani, kisha kuchagua kitenzi kinachokizoea. Biashara, hoteli, mradi, kampeni, semina na kiwanda huendeshwa. Nchi, chama na shule huongozwa. Nyumba hutunzwa. Duka la mtaani watu husema tu “anauza duka” au “yupo dukani”, na kwenye mazungumzo ya filamu hiyo ndiyo itakayosikika kama lugha ya mtu.

Ya pili ni kuruka upande wa pili na kuandika “ana hoteli” au “anamiliki hoteli”. Inasomeka vizuri, kwa hiyo hupita mikononi mwa wahariri wengi. Lakini anayeendesha si lazima awe mwenye mali. Anaweza kuwa meneja wa kuajiriwa. Kwenye habari ya kodi, mirathi au kesi, tofauti hiyo ni kubwa. Kama chanzo hakisemi “own” wala “owner”, usimpe mtu umiliki.

Ya tatu, nadra kidogo, ni umbo la kitenzi. “Run” ni wakati uliopo na pia ni umbo linalofuata “has” na “was”. Mashine ya kutafsiri ikipewa kipande kifupi kama “Well run since 1998”, hukosa pa kushika. Rudisha kipande ndani ya sentensi kamili kwanza: kinachosifiwa ni nini? Kama ni zahanati, andika “Inaendeshwa vizuri tangu 1998”.

Dalili ya pili: vitu visivyo na miguu vinakimbia

“Pua inakimbia.” “Maji yanayokimbia.” “Barabara inakimbia kutoka Chalinze hadi Segera.” Msomaji huelewa kwa kubahatisha, lakini anajua mara moja kwamba Kiswahili hiki hakikuzaliwa nyumbani.

Maji ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu “running water” ina tafsiri mbili na zote ni sahihi mahali pake. Kwenye dodoso la kaya, swali “Do you have running water?” linauliza kama nyumba ina maji ya bomba. Kwenye kipeperushi cha kunawa mikono, “Wash your hands under running water” linataka maji yanayotiririka, yasiyo ndani ya beseni moja linalotumiwa na wote. Watanzania tayari wana msemo mfupi wa hilo: maji tiririka na sabuni. Ukiweka “maji ya bomba” kwenye kipeperushi hicho, umemwambia mtu asiye na bomba kwamba ushauri haumhusu, ilhali kibuyu chirizi kilichofungwa nje ya choo kinatosha kabisa. Ukiweka “maji tiririka” kwenye dodoso, mwenye kijito nyuma ya nyumba atajibu ndiyo, na takwimu zitapotoka.

Huduma ya kwanza ina mtego kama huo. “Run cool water over the burn for 20 minutes” si kukimbia na si kumwaga mara moja. Andika: “Weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20.” Muda na mtiririko lazima vyote vibaki.

Pua hutokwa na kamasi. Epuka “ana mafua” kama chanzo kinataja dalili tu, kwa sababu mafua ni ugonjwa, na kamasi zinaweza kutoka kwa mzio wa vumbi. “Running stomach”, neno linalosikika sana katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, ni kuhara au kuharisha.

Nguo: “Colours may run” ni rangi kuchuja, kama inavyochuja kanga mpya. Rangi ya ukuta iliyopakwa nzito inachuruzika. Barabara inatoka hapa hadi pale. Mto unamwaga maji yake baharini. Mkataba wa miaka miwili ni wa miaka miwili: “The contract runs for two years” haidai kitenzi chochote cha mwendo, “Mkataba huu ni wa miaka miwili” inatosha. Tangazo hurushwa redioni, huchapishwa gazetini. Kivuko kisichokuwapo Jumapili “hakifanyi safari Jumapili”.

Injini na mashine zina lugha yake, na mafundi wanayo tayari. “Leave the engine running” ni “Usizime injini”. Hapa kukanusha ndiko kunakoleta sentensi fupi na ya wazi. “With the engine running” ni “Gari likiwa limewashwa”, na kama maelezo yanataka mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, Tanzania fundi atakuelewa ukisema gari likiwa silensa. “The engine runs rough” ni injini inamisi, au “inatikisika” ukiwaandikia watu wasio wa gereji. “Runs on diesel” ni “inatumia dizeli”.

Onyo kuhusu saa. Jenereta lenye maandishi “Runs 8 hours on a full tank” limewahi kuwa “hufanya kazi saa 8” kwenye tafsiri, na msomaji anaweza kuelewa ni saa nane mchana. Andika: “Tangi likijaa, jenereta hufanya kazi kwa muda wa saa 8.”

Onyo jingine linahusu pampu ya maji. Maandishi “Do not run dry” yakigeuka “Usikimbie kavu”, mnunuzi hayaelewi na anayaruka. Maana yake ni “Usiwashe pampu ikiwa haina maji ndani.” Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili inayozunguka, yaani kizuizi cha kuvuja, ikizunguka kavu huungua, pampu inaanza kuvuja na mota inaweza kufuata. Sentensi ya maneno manne iliyotafsiriwa vibaya inaua kifaa, kwa hiyo maonyo ya aina hii yaangalie mara mbili.

Dalili ya tatu: “kukimbia nje ya”, “kukimbia ndani ya”, “kukimbia juu ya”

Ukiona kihusishi cha mahali baada ya kukimbia, kwa kawaida kineno cha Kiingereza kimetafsiriwa peke yake. Kwa Kiingereza “run” na kineno hicho ni kitu kimoja, na Kiswahili mara nyingi kina kitenzi kimoja tayari kwa kazi hiyo.

“Run out of” ndiyo inayovunjika kuliko zote. “Tumekimbia nje ya dawa” iwe “Tumeishiwa dawa” au “Dawa zimetuishia”. Angalia nani ni mtenda. “We ran out” ni sisi kuishiwa. “The medicine ran out” ni dawa kwisha. “The licence ran out” ni leseni kwisha muda wake, na ukiandika “leseni imekwisha” bila neno muda, msomaji anaweza kudhani karatasi za leseni zimeisha ofisini. “Time is running out” ni muda unayoyoma.

“Run into” ina maana tatu zinazogongana. Mtu na mtu ni kukutana bila kutarajia. Gari na ukuta ni kugonga. Gharama na mamilioni ni kufikia: “Costs run into millions” ni “Gharama hufikia mamilioni”. Tazama kilicho upande wa pili, na chaguo litajitokeza.

“Run over” inahitaji tahadhari. Kwenye habari ya ajali, kugongwa na gari na kukanyagwa na gari si kitu kimoja: la kwanza ni kupigwa na gari, la pili ni magurudumu kupita juu ya mwili. “Run over” ni la pili, “hit” au “knocked down” ni la kwanza. Kwenye kikao “run over” ni kuzidisha muda, kama kikao kilichopangwa kwisha saa kumi kikaenda hadi saa kumi na moja.

“Run down”: betri iliyoisha chaji, nyumba iliyochakaa, mtu aliyechoka na kudhoofu, au kumsema mtu vibaya. “Run up a debt” ni kulimbikiza deni. “Run through the list” ni kuipitia orodha. “Run away” ni kutoroka, na kama ni mtoto, ni “ametoroka nyumbani”. “Run it by me first” ni “Nionyeshe kwanza” au “Nieleze kwanza”. Ikitoka kama “ikimbize kando yangu”, tafsiri nzima inafaa kusomwa upya tangu mstari wa kwanza, maana aliyeitafsiri hakuwa anasoma maana.

Dalili ya nne: mgombea anakimbia urais

“Anakimbia kwa urais”, “anakimbilia ofisi”, “mwenza wa kukimbia”. Kwa kanuni ya dalili ya kwanza, “anakimbia urais” humaanisha anaukwepa urais. Kwenye habari ya uchaguzi kosa hilo ni kubwa mno kuachwa.

Kitenzi ni kugombea au kuwania. “Office” hapa si ofisi bali ni nafasi, wadhifa au kiti. “Running mate” ni mgombea mwenza, neno linalotumika Tanzania na Kenya kwa mgombea wa nafasi ya makamu au naibu wa rais. “Ran unopposed” ni kupita bila kupingwa. “Front-runner” ni anayeongoza au anayepewa nafasi kubwa. “She is in the running” ni “Yumo kwenye kinyang'anyiro”. “He ran on a promise of free water” ni “Aligombea akiahidi maji ya bure”.

“Run-off” ni duru ya pili, lakini hakiki sheria ya nchi inayotajwa. Kenya, kwa Katiba ya 2010, mgombea urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Akikosekana, wawili wa juu hurudi kwa wapiga kura ndani ya siku 30. Tanzania anayepata kura nyingi kuliko wengine anashinda, hivyo hakuna duru ya pili ya urais. Ukikuta tafsiri inazungumzia duru ya pili ya urais Tanzania, rudi kwenye chanzo. Huenda “run-off” ilikuwa ya ndani ya chama, au ilikuwa maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi, maana hayo nayo huitwa “run-off”.

Dalili ya tano: kila kitu kinaendeshwa

Hii humpata mfasiri aliyekwisha kujifunza kwamba “run” si kukimbia. Sasa kila mahali ni endesha: “aliendesha homa”, “aliendesha taa nyekundu”, “tuliendesha hatari”, “gazeti liliendesha habari”.

Sababu ya kwanza ni amri ya kubadilisha zote kwa mpigo. Ukibadilisha “kimbia” kuwa “endesha” kwenye faili zima, “mkimbiaji” anakuwa “mendeshaji”, na “alimkimbia” inakuwa “alimendesha”. Maneno hayo hayapo. Kikagua tahajia kinaweza kuyakamata, lakini “walikimbia kijiji” iliyogeuka “waliendesha kijiji” ni Kiswahili safi chenye maana ya uongo, na hakuna programu itakayokuonyesha. Tiba ni kurudisha nakala ya zamani ya faili kabla ya amri ile, kisha kupitia sentensi moja moja.

Sababu ya pili ni kutotofautisha shughuli yenye kuendelea na tendo la mara moja. Kanuni inayosaidia: kitu chenye ratiba, wasimamizi na siku za kesho huendeshwa, tendo linaloanza na kwisha hufanywa. Kliniki inaendeshwa, kipimo kinafanywa. Mradi unaendeshwa, ukaguzi unafanywa. “Run a test” ni kufanya kipimo au jaribio. Baadhi hayachukui lolote kati ya hayo: “run a fever” ni kuwa na homa, “run a risk” ni kujiweka hatarini, “run a red light” ni kupita taa nyekundu, “run a story” ni kuchapisha habari, “run a cable” ni kuvuta au kupitisha waya.

Sababu ya tatu inasahaulika: kuendesha kwenye lugha ya mgonjwa na mhudumu ni kuhara. “Tumbo linaniendesha.” “Mtoto anaendesha tangu jana.” Kwenye maandishi ya afya, usiache sentensi ambayo mtu ni mtenda na kuendesha haina mtendwa. “Mama anaendesha kikundi cha kunyonyesha” ni salama. “Mama anaendesha” peke yake, kwenye kichwa cha picha kwa mfano, si salama.

Dalili ya sita: kitufe kimoja, maana tatu

Kwenye programu za simu na kompyuta, “Run” huja peke yake, bila sentensi, ndani ya jedwali la maneno ya kutafsiri. Kwenye programu ya mazoezi ni mbio za mtu. Kwenye programu ya mishahara ni awamu ya malipo ya mwezi. Kwenye programu ya kuandika msimbo ni amri ya kuuanzisha.

Ukaguzi rahisi kwanza: soma jina la kumbukumbu lililo kando ya neno kwenye jedwali. Waandaaji huandika vitu kama “btn_run” au “run_history”. “Btn” ni kitufe, kwa hiyo ni amri: “Endesha” au “Anzisha”. “History” inaashiria orodha ya mara zilizopita, kwa hiyo ni jina. Kisha soma maneno matano juu na matano chini. Yakiwa ni kilomita, mapigo ya moyo na kalori, umepata jibu: “Anza kukimbia”.

Tatizo la ndani zaidi ni ngeli. “Run failed” na “Last run” zinahitaji upatanisho, na ukichagua jina moja huku mwenzako akichagua jingine, skrini itasema “Mbio umeshindikana”. Chagueni jina moja kabla ya kuanza, liandikwe kwenye orodha ya istilahi pamoja na ngeli yake: “uendeshaji, u-” au “awamu, i-/zi-”. Wakati mwingine ni bora kukwepa jina kabisa: “Imeshindikana”, “Mara ya mwisho”.

“Running in the background” ni “Inaendelea kufanya kazi chinichini”. “Storage is running low” ni “Nafasi inakaribia kujaa”. Zingatia kwamba Kiingereza kinahesabu kinachopungua na Kiswahili kinatazama kinachojaa. Neno likikosa jibu hata baada ya hayo, omba picha ya skrini. Kubahatisha kitufe kimoja huishia kwenye skrini kadhaa, kwa sababu kumbukumbu ya tafsiri, yaani hifadhi ya tafsiri zilizokwisha fanywa, huirudia popote neno lilipo.

Dalili ya saba: “katika kukimbia kwa muda mrefu”

Hapa jina limetafsiriwa kama kitenzi. “In the long run” ni baadaye, mwishowe au baada ya muda. “A run of five wins” ni kushinda mechi tano mfululizo, na “three days running” ni siku tatu mfululizo. “Trial run” ni majaribio. “Print run” ni idadi ya nakala zilizochapwa. “Bank run” ni wateja kukimbilia benki kutoa pesa zao wote kwa pamoja, na hapa kukimbilia ni sahihi. “Runner-up” ni mshindi wa pili. Kwenye kriketi, alama huitwa mikimbio.

Simama hapa, mpe mwenye ujuzi

Baadhi ya sentensi zenye “run” hazipaswi kutafsiriwa na mtu asiye na taaluma husika, hata kama Kiswahili chake ni kizuri.

Hukumu na adhabu. “The sentences shall run concurrently” ni kwamba adhabu zitakwenda pamoja. “Consecutively” ni moja baada ya nyingine. Mtu aliyehukumiwa miaka 3 na miaka 5 atakaa miaka 5 kwa namna ya kwanza, miaka 8 kwa namna ya pili. Kosa la neno moja ni miaka 3 ya maisha ya mtu.

Muda wa kisheria. “Time begins to run from” ni “Muda unaanza kuhesabiwa tangu”. Kinachofuata, tarehe ya tukio au tarehe ya kupokea barua, ndicho kinachoamua kama rufaa imechelewa. “Covenants running with the land” ni masharti yanayomfunga kila atakayeimiliki ardhi hiyo baadaye, na maneno yake yaandikwe na mwanasheria.

Maelekezo ya dawa na vifaa tiba. Dripu yenye maandishi “run over 8 hours” humaanisha iingie polepole mpaka iishe kwa muda wa saa 8. Ikigeuka “baada ya saa 8” au “saa 8”, mgonjwa anaumia. Tafsiri ya namna hii isomwe na muuguzi au mfamasia kabla ya kubandikwa ukutani.

Umeme. Maelekezo ya kuvuta waya, ukubwa wa waya na nafasi ya kuupitisha yapitiwe na fundi umeme mwenye leseni.

Hati inayopelekwa mahakamani, uhamiaji au chuoni huhitaji mfasiri anayetambulika. Tanzania Bara unaweza kuanzia Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Zanzibar ni Baraza la Kiswahili Zanzibar, BAKIZA.

Unapomkabidhi mtaalamu, usimtumie sentensi peke yake. Mpe aya nzima ya Kiingereza, tafsiri uliyo nayo, aina ya hati, atakayeisoma na nchi atakayoisomea, na upige mstari chini ya kila “run” unayoitilia shaka. Mahali uliposita kati ya maana mbili, ziandike zote mbili pembeni, moja chini ya nyingine.